Nasoma shule ya masista na mimi ni Muislamu, form three Bible nichukue au niache?

binti_Pangani

Shikamooni wakubwa, wa rika langu mambo vipi. Natumia simu ya dada kwa hiyo nikichelewa kujibu msishangae.

Nimemaliza form two, mtihani wa taifa tumefanya mwezi wa kumi na moja na sasa niko likizo. Shule yangu ni bweni, ya masista, iko Kilimanjaro, jina sitaji. Mimi Muislamu, nyumbani Tanga, babu mzaa baba anasomesha chuo cha Qur'ani na mimi mwenyewe nilihitimu msahafu nikiwa darasa la sita. Kupelekwa pale aliamua baba mwenyewe kwa sababu ya matokeo yao, na kwenye fomu ya kujiunga kulikuwa na sehemu imeandikwa mwanafunzi atafuata taratibu zote za shule, baba akasaini hapohapo tukaenda kununua godoro.

Sasa pale form one na form two wote mnasoma Bible Knowledge, uwe nani uwe nani. Mwanzo nilikuwa naandika notsi huku moyo unadunda. Test ya kwanza kabisa tukaulizwa Ibrahimu alimpeleka mtoto gani kwenda kumtoa sadaka, mimi nikaandika Ismail kwa kujiamini maana ndiyo tunayosimuliwa chuoni kila Idi kubwa, nikakosa, sister akaandika pembeni kwa peni nyekundu "soma Mwanzo 22". Nikaenda kulia chooni sio siri. Halafu nikaisoma hiyo Mwanzo 22, na nikaendelea na Kutoka, na sijui imekuwaje lakini sasa hivi Bible ndiyo somo langu la kwanza darasani. Mtihani wa mwisho wa shule kabla ya taifa nimepata 88. Hesabu nimepata 19, msicheke.

Form three naenda arts. Ripoti imekuja na fomu ya kuchagua masomo, Bible ni hiari, unaweka tiki au unaacha. Elimu ya Dini ya Kiislamu (EDK) pale haipo, hakuna mwalimu, ila mwalimu wa taaluma alisema anayetaka kuisoma mwenyewe aandike barua kwa mkuu wa shule na yeye ataangalia. Waislamu form two tulikuwa 11 na hakuna aliyewahi kuandika hiyo barua.

Baba anasema Bible niache, miaka miwili inatosha. Mama anasema chukua, A hairushwi dirishani. Mimi katikati. Naomba kujua, (1) hii Bible inanisaidia nini kwenye matokeo kweli au ni kujifurahisha tu, (2) kuna mtu aliwahi kufanya EDK bila mwalimu akafaulu?

Kuhusu dhambi msinijibu, nimeshamuuliza babu.

Kipepeo wa Same

Sister na peni nyekundu 😂😂 mimi nimesoma shule za hivyo naijua hiyo peni. Nakaa hapa nisome majibu.

Abuu_S

Acha mara moja. Wanaanza na hadithi za Mitume unaona kama ni zilezile, kesho unajikuta unaimba kwaya. Baba yako ana hekima kuliko mama, samahani kwa kusema hivyo.

Mwl_Chaki

Mdogo wangu marahaba. Nimefundisha sekondari miaka mingi na nimekuwa mwalimu wa taaluma, ngoja nikujibu la matokeo maana hapo ndipo watoto wengi wanapotea na wazazi pia.

Form four division yako inahesabiwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri. A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Ukiwa na 7 mpaka 17 ni division one, 18 mpaka 21 two, 22 mpaka 25 three. Sasa wewe wa arts usiyechukua fizikia wala kemia, ukibaki na yale ya lazima tu, yaani Civics, History, Geography, Kiswahili, English, Biology na Hesabu, unayo saba kamili. Maana yake hakuna la kutupa, hiyo hesabu ya 19 inaingia kwenye jumla kama ilivyo na F yake.

Chukua mfano. Civics B, History B, Kiswahili B, Geography C, English C, Biology C, Hesabu F. Jumlisha, ni 20, division two. Sasa ongeza Bible A iwe somo la nane. Ile F ya hesabu inatoka, inaingia 1 badala ya 5, unabaki na 16. Division one. Mtoto yuleyule, kichwa kilekile. Ndiyo maana shule za dini zote, za kanisa na za Kiislamu, zinapenda hayo masomo, na wala sio siri ya ubatizo wala ya kusilimu, ni hesabu za pointi (Abuu_S nakusalimia).

LAKINI. Hapa sikiliza vizuri na umsomee na mama. Division ni sura ya cheti tu. Ukija kuomba form five wanataka angalau credit tatu, yaani A, B au C, kwenye masomo yasiyo ya dini, na tahasusi yako inaangaliwa kwa masomo yake yenyewe. HGL, yaani History, Geography na English, hawaulizi Bible ulipata ngapi. Ukija kuomba diploma vyuoni ni hivyohivyo, fungua tangazo lolote utakuta wameandika pasi nne za masomo yasiyo ya dini. Nimeona mtoto ana division three, ametoka nyumbani anashangiliwa, anafika chuoni anahesabiwa pasi zake zinabaki tatu kwa sababu moja ilikuwa ya dini. Akarudi kurisiti. Uliza mama yule alivyolia.

Kwa hiyo Bible itakupamba, haitakubeba. Chukua kama unaipenda na kama haitakula muda wa History na English. Na ile hesabu tafuta tu hata D, usiizoee hiyo F kwa sababu umepata pa kuifichia.

Zamani ningekwambia pia dini haikupeleki popote form five, ila 2024 tahasusi zimeongezwa mpaka 65 na kuna kundi zima la masomo ya dini, kwa hiyo anayetaka kwenda huko njia ipo. Na wadogo zenu walioanza form one 2025 wako kwenye mtaala mpya, wasichukue mahesabu yangu haya wakayabandika kwao.

Kipepeo wa Same

"Itakupamba haitakubeba" mwalimu umeua.

jembe_na_kalamu

Mwl_Chaki nakazia. Mimi ndio huyo wa kurisiti uliyemsema, sio mimi kweli ila yalinikuta mlemle. Niliomba chuo cha afya na division yangu safi kabisa, wakaniambia kemia D iko wapi. Nikabaki nawaonyesha Bible B. Yule dada wa udahili aliniangalia kwa huruma sitasahau.

Abuu_S

Mwalimu sijasema pointi mimi nasema imani. Mtoto wa miaka 15 hana cha kupimia.

Neema_wa_Temeke

Abuu S naomba nikujibu mimi maana yangu yalikuwa kinyume chake. Mimi Mlutheri kabisa, baba mzee wa kanisa. Form one mpaka four nimesoma shule ya Kiislamu Dar kwa sababu ilikuwa karibu na nyumbani na ada ilikuwa ya kulipika, baba alisema kutoka hapa mpaka pale unatembea kwa mguu mengine tutayaona mbele ya safari. Nimevaa hijabu miaka minne. EDK nimesoma, mtihani wa taifa nimefanya, nilipata B na hao wa dini yao wengine walipata D wakanichukia wiki nzima.

Binti swali lako la pili naweza kukusaidia kidogo. EDK karatasi yake ni ya Kiswahili, hilo peke yake ni unafuu mkubwa, hubabaiki na kizungu kama kwenye Bible. Ila usije ukadhani kwa sababu umehitimu msahafu basi umemaliza. Wenzangu waliokuwa wanasoma vizuri madrasa walianguka kwa dharau hiyohiyo. Sisi form one tulianza na dhana ya elimu katika Uislamu, unaulizwa elimu ni nini, kwa nini ni faradhi, unaeleza kwa hoja, unatoa aya, unafafanua. Sio kusoma kwa tajwidi. Kuna nguzo, kuna hadithi na namna zilivyohifadhiwa, kuna familia, mirathi, historia ya makhalifa. Mirathi ilinitoa jasho, hapo ni hesabu za mafungu na wewe umesema mwenyewe hesabu 19 😅

Na hakuna aliyenisilimisha. Mwalimu wetu wa EDK alikuwa ananiambia wewe jibu swali, ya moyoni mwako yako na Mungu wako. Mpaka leo nikisikia mtu anaitukana dini ya mwenzake naumwa tumbo.

Mwl_Chaki

Neema asante. Ndugu zangu tunachanganya mambo matatu. Kuna somo, ambalo lina mtihani wa baraza. Kuna kipindi cha dini kwenye ratiba, mara moja au mbili kwa wiki, watoto wanagawana, hawa kwa padre au mchungaji na hawa kwa ustadhi, hicho hata shule za serikali kipo na hakina mtihani wa kukutoa division. Halafu kuna ibada, misa ya asubuhi na rozari na mambo hayo. Mtoto kuchagua SOMO sio kwamba amechagua ibada. Sasa shule nyingi za bweni zinafunga vyote kwenye kamba moja, hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Binti hebu tuambie ibada kwenu ikoje?

binti_Pangani

Nimepata simu. Asanteni jamani kumbe ndiyo hivyo, mimi nilijua division one ni division one.

Mwalimu ibada misa ni lazima Jumapili, tunakaa nyuma, hatulazimishwi kupiga magoti wala kukomunika (tukijaribu wenyewe watatushangaa). Asubuhi sala kwenye mstari. Mtandio hairuhusiwi kwenye sare. Ramadhani tunafunga, sister wa jikoni anatuwekea uji na viazi saa kumi na mbili na nusu jioni, na daku tunajitegemea na biskuti. Ijumaa hatuna pa kuswalia, tunaswali bwenini, matron anajua anajifanya haoni.

Kipepeo wa Same

Masista wenyewe wamejifunika kichwa mchana kutwa halafu mtandio hauruhusiwi, dunia hii.

Likoni_Ferry

Niaje watu wa Bongo. Huku kwetu Kenya hii kitu ni tofauti sana, wacha niwaeleze. Huku dini ni CRE ya Wakristo, IRE ya Waislamu ama HRE ya Wahindu, na form four inahesabiwa kama somo lingine la kawaida kwenye gredi, sio kama hiyo yenu ya kupamba bila kubeba. Mtu alikuwa anachagua history, jiografia au CRE na wengi wanakimbilia CRE kwa sababu inasemekana ni rahisi, mtu wa form three ukimuuliza kwa nini CRE atakwambia hata mimi huenda kanisani. Waislamu wengi huku pwani na hata bara wako kwenye shule ambazo kanisa ndio sponsa na wanafanya CRE, wanapata A, wanaenda zao campus. Binamu yangu ameandika Injili ya Luka yote kwa kichwa na Ramadhani hajawahi kula hata siku moja.

Vita yetu sisi imekuwa zaidi kwa mavazi. Ile kesi ya shule ya Isiolo, kanisa la Methodist, ilipanda mpaka ikafika Supreme Court. Mahakama ya Rufaa 2016 ilikuwa imewaruhusu wasichana wavae hijabu, kufika Januari 2019 Supreme Court ikautupa huo uamuzi, na kubwa ilikuwa jinsi yale madai yalivyoletwa kortini. Watu walidhani imesema hijabu ni haramu shuleni.

Hiyo ya uji wa saa kumi na mbili na nusu imenigusa lakini.

Abuu_S

Huyo sister wa jikoni Mungu amlipe. Lakini msimamo wangu ni uleule. Katiba yetu ibara ya 19 inasema uhuru wa dini, kwa nini mtoto alazimishwe Bible form one na two?

Mwl_Chaki

Hapo Abuu sikupingi. Kumlazimisha kufanya mtihani wa somo la dini isiyo yake mimi nisingelikubali shuleni kwangu. Ila tuseme na ukweli mwingine, mzee alisaini. Wazazi tunasoma ada na orodha ya vifaa, ndoo na jembe na rimu ya karatasi, ile karatasi ya taratibu tunasaini tukiwa tumeinama kwenye boneti ya gari.

Baba_Watatu

Mimi naongea kama mzazi, nina binti kwenye hali hiyohiyo, sisi tuko Tabora. Wote mmemjibu mtoto vizuri ila hakuna aliyemjibu baba yake.

Baba haogopi Bible. Anaogopa kwamba mtoto anakaa miezi tisa kwa mwaka kwenye nyumba ya watu wengine, wanamlisha, wanamwamsha, wanamfundisha kuomba, na akirudi likizo anaongea mambo ambayo yeye hayajui. Siku binti yangu aliponihadithia habari za Yeremia mezani, na alivyozihadithia vizuri, nilinyamaza. Sikukasirika. Niliona tu kwamba mimi sijawahi kumhadithia kitu kirefu namna ile, cha dini yetu wala cha ukoo. Niliamka nikaenda kuangalia kuku.

Kwa hiyo binti, ukienda kwa baba na hoja za pointi atakushinda, maana yeye hana ugomvi na pointi. Mpelekee hiyo barua ya EDK. Mwambie baba nataka hii, nahitaji vitabu na mtu wa kunisahihishia likizo. Akiona unataka vyote viwili ataongea lugha nyingine. Mimi wangu tulifanya hivyo, nikamtafutia vitabu na maswali ya miaka ya nyuma, nikampata ustadhi mmoja anafundisha sekondari, anasahihisha insha kwa kupigiwa picha WhatsApp. Matokeo bado, yuko form three.

Neema_wa_Temeke

Baba Watatu hiyo ya kuku 😭

jembe_na_kalamu

Ila masomo ya dini mawili kwa pamoja si atachoka? Na mtihani wa taifa wanaruhusu Bible na EDK kwa mtu mmoja? Na kwa pointi, kama yote mawili hayahesabiwi kuingia form five, unaongeza mzigo wa nini.

Mwl_Chaki

Hoja nzuri jembe. Binafsi nisingempa yote mawili kwenye mtihani. Muda wa arts unaliwa na kusoma, History peke yake ni gunia. Achague moja la kufanyia mtihani. Kama ni la pointi, Bible lina mwalimu, lina vipindi, na ana 88 mkononi, EDK anaanza na karatasi nyeupe. Kama ni la amani nyumbani, EDK. Usajili wa form four unafanyika mwanzoni mwa mwaka wa form four, kwa hiyo ana mwaka mzima wa form three wa kujipima, anaweza kusoma EDK pembeni, akifika January 2027 anamwambia taaluma nisajilini hiki na kile niacheni. Muhimu hiyo barua iende mapema na ijibiwe kwa maandishi, sio mkuu wa shule akwambie "tutaona" getini, maana wakibadilisha mkuu, na masista huhamishwa sana, "tutaona" inahama naye.

Na barua isainiwe na wale 10 wenzako pia. Barua ya mmoja ni malalamiko, ya 11 wanaanza kutafuta mwalimu.

Abuu_S

Hiyo ya barua ya 11 naunga mkono. Kama mko mkoa huo na mnahitaji ustadhi wa Jumamosi niandikieni inbox, nina watu.

Likoni_Ferry

Abuu amelainika, screenshot hii.

binti_Pangani

Nimerudi. Dada anataka simu yake kwa hiyo nafupisha.

Nimemsomea mama ile ya pointi, amehesabu kwa vidole mara mbili akapata 16, akaniuliza sasa hiyo hesabu unapata 19 unafanya nini darasani, kwa hiyo kesi imehamia kwangu. Nimeanza tuisheni ya hesabu jana kwa kaka wa jirani.

Baba nimemfuata baada ya isha barazani na sikuanza na Bible. Nimemwambia nataka kuandika barua ya EDK na wenzangu, akaniuliza nani kakutuma nikasema hakuna. Amekaa kimya halafu akaniuliza ile ya Ismail na Isaka ilikuwaje, kumbe mama alishamwambia siku nyingi. Nikamhadithia yote, mlima, kuni, kondoo kwenye kichaka, na jinsi Qur'ani inavyosimulia ndoto na mtoto kukubali mwenyewe bila kutajwa jina kwenye hizo aya. Akamwita babu. Babu akaanza kueleza wanachuoni walivyotofautiana zamani kuhusu hilo jina, wakabishana mpaka saa nne, chai ikapoa, mimi wamenisahau kabisa nimekaa pale.

Fomu bado iko mezani haijasainiwa. Shule inafunguliwa wiki ijayo. Sehemu ya saini imeandikwa "mzazi/mlezi", ya babu inafaa?